Mhojiwa wa Kwanza

Kaimu alianza digrii yake kwa kununua mkoba. Ulikuwa mkoba wa ngozi, wenye mifuko ya kalamu na mkanda wa begani, na siku aliyouleta nyumbani aliuweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya sare za shule zilizokuwa zinangoja vifungo, akarudi nyuma kidogo autazame vizuri.

"Mwanafunzi wa chuo kikuu huyo," alisema. "Umeona?"

"Nimeona," alijibu mkewe, pini zikiwa mdomoni. "Utoe hapo, pana chaki."

Mke huyo mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu nusu ya watoto wa mtaa walikwenda shule wamevaa alichoshona yeye. Mumewe walimwita Kaimu tangu alipopewa kukaimu ukuu wa bohari ya idara ya maji. Mwanzoni lilikuwa jina la heshima. Miaka ilivyopita bila yeye kuthibitishwa, jina likaingia kejeli, na kila alipoitwa njiani Kaimu alisikia kicheko hata pale ambapo hapakuwa na aliyecheka. Sasa idara ilikuwa imetoa agizo kwamba mkuu yeyote asiye na digrii atarudishwa kwenye cheo chake cha zamani, isipokuwa aliye masomoni. Ndipo Kaimu akakimbilia chuo cha watu wazima, kile ambacho mtu husoma akiwa nyumbani kwake. Vipindi vimerekodiwa, unavisikiliza kwa nafasi yako, kazi unazituma kwa kompyuta, na sura yako chuo hakiioni mpaka siku ya kutetea utafiti.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kaimu alikitaka cha mvunguni kwa moyo wote, ila aliyeinama alikuwa mkewe.

Ilianza kidogo kidogo. "Wewe si ulipitapita chuo? Hebu niangalizie hii." Fundi akaiangalia. Kazi ya pili akaiandika nusu. Ya tatu Kaimu alimpa neno la siri la kuingilia kwenye masomo, akavua viatu, akajilaza kwenye kochi.

"Ofisini kwangu wasaidizi wanaandika, mkuu anasaini," alisema. "Ndiyo maana ya uongozi. Ukimwona mkuu anasoma kila kinachowekwa mezani, ujue huyo hana watu."

Na kweli, katika miaka yake yote ya ukaimu hakuwahi kusoma alichotia saini. Alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia kutougua.

"Na mimi?" Fundi aliuliza. "Mimi nilibakiza mwaka mmoja."

"Nikimaliza mimi, zamu yako. Mwaka unaofuata nakuandikisha mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Fundi aliamini. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote, kwamba alimwamini mtu yule yule mara ya pili.

*

Asubuhi, Kaimu akishakwenda kazini na mkoba wake begani, Fundi alijitia spika ndogo masikioni, akawasha kompyuta kando ya cherehani, akashona huku mhadhiri anazungumza. Alisikiliza utawala, uchumi, takwimu na mbinu za utafiti. Penye jambo zito alisimamisha cherehani, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Siku moja alishona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto, akaufumua huku anacheka peke yake. Akili yake ilikuwa imepata kazi nyingine mbali na kupima viuno vya watoto, na alijisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Alama zilikuja kwa jina la Kaimu, na sifa vilevile. Kaimu alizisoma kwa sauti wakati wa chakula cha jioni, simu ameiinua juu.

"'Ndugu mwanafunzi, hoja zako zimekomaa. Nimefurahi kusoma kazi hii.' Mnasikia? Zimekomaa!"

"Hoja ipi hiyo, baba?" aliuliza binti yao, ambaye alikuwa amemaliza shule na anangoja kuingia chuo. Binti aliuliza kwa makusudi. Ulimi wake ulikuwa na ncha.

"Ile ya... uongozi. Uongozi kwa ujumla wake."

Binti aliinamisha uso kwenye sahani. Mama mkwe, aliyeishi nao chumba cha nyuma, alitikisa kichwa kwa fahari.

"Akili za marehemu baba yake hizo," alisema. "Na yeye alikuwa hivyo hivyo, akigusa kitu kimekwisha."

Fundi alimwongezea mumewe mboga. Wakati huo hakuwa na kinyongo. Alijiambia kwamba elimu haina mwenyewe, inayoingia kichwani imeingia, na karatasi itafuata zamu yake itakapofika.

*

Ilipobaki tasnifu tu, Fundi alikwenda chuoni kuuliza namna ya kuitia jalada. Chuo chenyewe kilikuwa ghorofa moja juu ya benki. Mama aliyekaa dirishani kushauri wanafunzi alimtazama juu ya miwani.

"Hii kazi ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Waume wa hapa wana bahati," yule mama alisema. "Kila siku napokea kazi zao mikononi mwa wake zao. Na wewe je, mama? Ulisoma?"

Fundi alimweleza kwa kifupi. Yule mama aligonga gonga kompyuta yake, akauliza chuo gani, mwaka gani, masomo gani, kisha akageuza kioo ili Fundi aone mwenyewe.

"Masomo yako ya zamani yote yanahesabika. Unabakiza mwaka mmoja kama ulivyouacha. Dirisha la kujiandikisha linafungwa mwisho wa mwezi ujao. Usilale, mama."

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, hakuhisi hata jua. Alipitia mlango wa chumba cha kushonea, na kabla hajavua viatu akasikia sauti sebuleni. Kaimu alikuwa amekaribisha wenzake wawili wa bohari kupongezana, kwa kuwa sasa kulibaki utetezi tu. Palikuwa na pazia tu kati ya vyumba hivyo viwili. Fundi alishika pazia ili aingie awasalimu.

"Na shemeji naye?" mmoja wa wageni alikuwa anauliza. "Ukimaliza wewe si anaingia yeye?"

"Nani? Fundi?" Kaimu alicheka. "Chuo kilimshinda akiwa na damu changa, leo na miwani ya kutungia uzi atakiweza wapi? Nilimwambia zamu yake inakuja ili asininunie. Mwanamke wewe mpe ahadi tu, hata mshahara hataki."

Wakaangua kicheko. Mama mkwe naye alicheka, halafu akakohoa, halafu akauliza kama kuna aliyetaka chai zaidi.

Fundi aliliachia pazia. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono magotini, na kilichompanda kifuani hakikuwa machozi. Machozi angeyajua. Hiki kilikuwa kitu kikavu, chenye makali.

Chuo kilimshinda! Alikuwa amebakiza mwaka wa mwisho, binti ana miezi michache, amerudi nyumbani likizo. Walikuwa wamekubaliana kupokezana: amalize yeye, kisha Kaimu naye akachukue stashahada yake. Siku moja Kaimu aliondoka asubuhi bila kuaga. Alikwenda bwenini, akawaambia wenye ofisi kwamba mke wake harudi tena, akatia saini walipomwonyesha, akarejea na godoro la mkewe begani. Alipita nalo mtaani mchana kweupe, anapiga mluzi, majirani wakiwa vibarazani. Alilibwaga sebuleni akasema, "Nimekutua mzigo." Jioni ile mama yake alikuja kuwatembelea, na Kaimu akamtandikia godoro lile.

Wageni walipoaga, walimpitia Fundi mlangoni. "Shemeji, hongera kwa kutulelea msomi," walisema.

"Asanteni," alisema Fundi. "Siku ya utetezi msikose."

*

Utafiti ulihusu sababu zinazowafanya wanawake walioacha chuo wasirudi tena masomoni. Fundi ndiye aliyeuchagua, na Kaimu alikubali huku anatafuta rimoti. "Vizuri, wakubwa siku hizi wanapenda mambo ya wanawake." Fundi alikuwa amewahoji wateja wake, wake wa majirani, nesi wa zahanati na wauza maduka. Maneno yao yalikaa kwenye sura ya nne, kila mmoja na namba yake, bila jina. Sura ile ilikuwa tayari. Ilihitaji kusahihishwa vituo tu.

Siku iliyofuata kile kicheko, Fundi aliifungua tena. Aliwasogeza wahojiwa wote namba moja mbele, juu yao akaandika: Mhojiwa wa Kwanza.

Aliandika bila kunyanyua kichwa. Mteja alibisha hodi akaambiwa arudi kesho. Hakutia chumvi, chumvi haikuhitajika. Aliandika likizo, mluzi, godoro na lile neno "mzigo." Mwishoni aliandika kwamba mume wa mhojiwa amekuwa akiwaambia watu kuwa chuo kilimshinda mkewe, na kwamba mhojiwa anaona afadhali angepigwa kofi. Alipomaliza alisoma yote mara moja, akatuma kwa msimamizi wa utafiti chuoni, akarudi kwenye cherehani. Mishono ya siku hiyo ilinyooka kama imepigwa rula.

Msimamizi alijibu kwa furaha. Sura ya nne, alisema, ndiyo roho ya kazi nzima. Kaimu aliisoma ile sifa wakati wa chakula, akasema anapanga kumwalika Mkurugenzi wa idara mwenyewe.

Chuo kile kilikuwa na desturi yake. Kwa kuwa wanafunzi ni watu wazima wenye kazi na familia, siku ya utetezi mlango huachwa wazi, na mtahiniwa huhimizwa alete mwajiri wake na ndugu zake wamshuhudie. Wengi walileta mtu mmoja au wawili. Kaimu alialika nusu ya ofisi.

"Isome sura ya nne," Fundi alimwambia usoni kabisa, akimnyooshea shati.

"Umeandika wewe, mimi nisome ya nini?"

"Watakuuliza."

"Wakiniuliza nitawajibu. Mimi nimekaa meza moja na wakurugenzi, nitawaogopa walimu? Wewe niandikie ukurasa mmoja wa kusema mwanzoni, niukariri. Hayo mengine niachie."

Alimwambia tena siku nyingine, na mara ya mwisho akamwekea tasnifu kwenye mkoba, imefunguliwa hapo hapo. Kaimu aliifunga ili mkoba usivimbe. Fundi alikuwa mtu wa haki hata katika ubaya wake. Alitaka Kaimu aanguke, lakini aanguke kwa macho yake mwenyewe aliyokataa kuyafumbua.

*

Binti ndiye aliyetengeneza slaidi. Alikuja chumba cha kushonea ameshika kompyuta kifuani, akafunga mlango kwa kisigino.

"Mama, mhojiwa wa kwanza ni wewe."

Fundi aliendelea kupiga pasi.

"Mama, nakuuliza."

"Hujauliza. Umesema. Na umesema kweli."

"Kwa hiyo mtoto mwenye miezi michache ni mimi." Binti alikaa juu ya furushi la vitambaa. "Mimi ndiye niliyekukatisha masomo?"

"Wewe hukubeba godoro."

Pasi ilikoroma mvuke.

"Baba akiaibika mbele ya Mkurugenzi, ukuu umekwenda," binti alisema polepole. "Posho ya ukuu imekwenda. Na ile ndiyo ada yangu. Umeliwaza hilo, au umewaza kumkomesha tu?"

Hapo Fundi aliisimamisha pasi. Alikuwa ameliwaza, tena kila siku, na kila siku aliliweka pembeni. Alimtazama mwanawe, na roho ikamuuma kwelikweli.

"Nimemwambia asome," alisema. "Akisoma ataiona, atanigombeza, atanilazimisha kuitoa, na nitaitoa. Mlango uko wazi, mwanangu. Mimi sikuufunga."

"Unajua kabisa hatasoma."

"Najua."

"Basi umeufunga."

Asubuhi ya utetezi binti alisimama mlangoni mwa chumba cha wazazi na kikombe cha chai. Kaimu alikuwa mbele ya kioo, anapambanisha tai mbili.

"Baba, umesoma sura ya nne?"

"Ah! Na wewe mama yako kakuambukiza?" Aliinua tai nyekundu. "Hii au ile?"

Binti alimtazama, akaweka kikombe mezani. "Hiyo," alisema, akaondoka.

*

Ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alikaa mstari wa mbele, watu wa bohari nyuma yake, na mama mkwe, ambaye masikio yake yalikuwa bado makali kuliko macho, alikaa pembeni ya Fundi akiwa amevaa nguo zake za kutokea. Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti wake alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini ambayo watu walilazimika kunyamaza ili waisikie.

Kaimu alianza vizuri sana. Ukurasa wake aliukariri kama sala, akatembea kidogo mbele ya slaidi, akanyoosha kidole panapostahili. Mkurugenzi alitingisha kichwa kukubali. Mjumbe wa kwanza wa jopo akauliza kwa nini alitumia mahojiano badala ya dodoso, naye Kaimu akajibu kwamba katika uongozi mawasiliano ni jambo la msingi. Mjumbe alisubiri kidogo kuona kama kuna zaidi, hakikuja kitu, akaandika.

"Twende sura ya nne," alisema mwenyekiti. "Nimekaa kwenye majopo mengi, ndugu mtahiniwa, lakini huyu mhojiwa wako wa kwanza amenikosesha raha. Naomba nisome kidogo, wageni nao wasikie."

"Bila shaka, mheshimiwa," alisema Kaimu, akafunga kifungo cha koti.

Mwenyekiti alisoma. "'Alikwenda bwenini bila kuniambia, akawaambia sirudi. Nilimwona anakuja na godoro langu begani, godoro la mistari ya bluu lenye alama ya pasi kwenye pembe, anapiga mluzi, watu wanatazama. Aliniambia, nimekutua mzigo. Mpaka leo huwaambia watu kwamba chuo kilinishinda.'" Alivua miwani. "Wewe kama mtafiti, huyu mume umemwonaje?"

Fundi alishika kiti. Alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi kumwona Kaimu anapauka, anapepesa macho, anatafuta pa kujificha. Alilingoja hilo kama mtu mwenye njaa.

Kaimu hakupauka. Alikunja mikono nyuma, akapandisha sauti.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kwa kweli mume yule ni mtu wa ajabu. Mbinafsi. Mtu amebakiza kidogo amalize, unamtoaje? Watu wa namna hiyo ndio wanaorudisha nyuma maendeleo ya familia, na mimi nasema waaibishwe hadharani."

Watu wa bohari walipiga makofi. Mkurugenzi alipiga pia.

Alikuwa amesahau! Lile jambo ambalo Fundi alilibeba kila siku ya ndoa yake, yeye lilikwishamtoka kichwani zamani, kama mtu anavyosahau chakula alichokula mwaka jana. Fundi aliona bora yote haya angeyaacha.

"Wee!" Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono umeshika kiti cha mbele yake. "Ngoja kwanza. Godoro la bluu? Lenye alama ya pasi pembeni? Si ndilo lile nililolalia mimi miaka yote? Si wewe uliyenitandikia, mwanangu, ukaniambia umelinunua?"

Nyuma kabisa mtu alitoa sauti ya puani, mwingine akajifunika mdomo, na kicheko kikashuka mistari ya viti mpaka kwa wale wageni wawili waliokunywa chai sebuleni. Kaimu alimtazama mama yake. Kisha godoro likamrudia. Fundi aliliona likimrudia, liliingilia machoni, likashuka shingoni, likafika kwenye tai nyekundu. Ah, sasa ndiyo! Moyo wake ulijaa, na hakuona haya kwamba umejaa.

Kaimu aligeuka, kidole kimemnyookea mkewe.

"Umeniandikia nini humu?"

Mwenyekiti aliinua kichwa. "Nani kamwandikia nani?"

"Huyu! Mke wangu!" Hasira ilikuwa imemshika, hakusikia tena anachosema. "Nimempa kazi anifanyie, miaka yote ananifanyia vizuri, leo kaniwekea mambo ya ndani makusudi ili anihujumu! Muulizeni..."

Hapo ndipo alipokisikia alichokisema. Mkurugenzi alichukua miwani yake, akainuka, akatoka bila kumwangalia mtu.

"Mama," mwenyekiti alisema, "wewe pale pembeni. Ni kweli?"

Hilo Fundi hakulipanga. Alichopanga ni kukaa kimya, aibu ifanye kazi yake, kisha kesho aende dirishani kwa yule mama mshauri akajiandikishe. Alijua sheria, alizisikiliza mwenyewe kwenye kipindi cha kwanza: anayeandika na anayeandikiwa wote wana hatia. Angesema hapana, Kaimu angeonekana mwongo, yeye angetoka mikono mitupu lakini safi. Binti alikuwa anamtazama kutoka upande wa pili, anatikisa kichwa taratibu kumkataza.

Lakini swali lilikuwa limeulizwa. Tangu aanze kusoma tena, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza nani kaandika.

Fundi alisimama.

"Ni mimi," alisema. "Tangu kazi ya kwanza. Hata ule ukurasa aliosema bila kutazama."

*

Kaimu alirudishwa kuwa karani wa bohari, chini ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Mtaani waliacha kumwita Kaimu. Wenye adabu hawakumwita chochote, wasio na adabu walimwita Godoro. Nyumbani alikula akiwa ameupa ukuta uso. Binti aliahirisha chuo kwa mwaka mzima, akakaa meza ya kukatia kushona vifungo, na kwa siku nyingi alimjibu mama yake kwa neno moja moja. Hilo peke yake ndilo lililomkosesha Fundi raha. Kwa mumewe hakuwa na majuto hata kidogo, alijitafuta ndani akayakosa.

"Nitakushonea ada yako," alimwambia binti. "Hata kama ni kwa kope zangu."

"Najua, mama," binti alisema. Baada ya muda akaongeza, "Lakini uwe unauliza kwanza."

Kisha ikaja barua ya chuo. Kaimu ndiye aliyeipokea mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisoma karatasi mpaka chini. Alikuja nayo chumba cha kushonea anacheka. Hakuwa amecheka tangu siku ile.

"Haya, mhojiwa! Wamekufungia miaka miwili. Hutakanyaga pale, wala huandikishwi. Kisu ulichonichoma kimekukata na wewe." Aliitupa juu ya sare. "Umefaidi nini sasa? Umefukuzwa hata hujaingia!"

Fundi aliiokota. Alisoma polepole, na alipofika katikati alirudi juu akasoma tena. Chuo kilisema kwamba baada ya uchunguzi, kimethibitisha kuwa mwandishi halisi wa kazi zote zilizopata daraja la kwanza, pamoja na tasnifu, si mwanafunzi aliyesajiliwa bali ni mke wake. Kisha likafuata jina lake kamili, majina yote matatu, limepigwa chapa kwa herufi kubwa, na chini yake muhuri.

"Mara ile ulinitoa wewe," alimwambia mumewe. "Safari hii nimefukuzwa kwa jina langu. Hebu nipishe, nina kazi."

Siku ile ile alimtuma binti kwa mtengeneza fremu. Binti alirudi nayo ikiwa na kioo, na bila kuambiwa akapanda juu ya kiti, akagongelea msumari ukutani juu ya cherehani, mahali ambapo kila aliyekuja kupimwa lazima ainue macho. Kaimu alisikia nyundo kutoka sebuleni, hakuuliza.

Mteja wa kwanza kesho yake alikuwa mama wa watoto wanne, mwenye sauti ya kupiga mnada. Alisimama anyooshewe mkanda wa kupimia, akainua macho, akaanza kusoma barua yote kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye majina matatu. Upande wa pili wa pazia kijiko kilianguka kwenye sahani.

"Fundi!" mteja alisema. "Miaka yote hii, kumbe ndilo jina lako?"

"Ndilo," alisema. "Nyanyua mkono nikupime."